Mkunga wa Miaka Miwili

Delfina Gelvezon alimtazama mwanafunzi wake mpya kuanzia viatuni hadi kichwani, bila haraka, kama mtu anayekagua samaki ambaye hana nia ya kumnunua. Viatu vyeupe vipya, bado vinalia kila akikanyaga. Suruali nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama. Kifuani kibao cha plastiki chenye jina, na chini ya jina maneno: MWANAFUNZI WA UUGUZI.

"Kibao kimepinda," alisema.

Daktari Honorato Villaruz, miaka thelathini na sita, mwenye zahanati yake mwenyewe katikati ya mji wa Iloilo, alikinyoosha kibao.

"Asante, Madamu."

Hilo "Madamu" lilimtoka kama mfupa uliokwama kooni. Lakini angefanyaje? Ulikuwa mwaka 2005, na madaktari wa Iloilo walikuwa wanarudi shule makundi kwa makundi kusomea uuguzi. Daktari wa Ufilipino alikuwa anabangaiza. Muuguzi aliyefika Amerika alikuwa anawajengea wazazi wake ghorofa. Vyuo vikaona soko, vikafungua masomo ya Jumamosi, miaka miwili badala ya minne, na wodi zikajaa wanaume wenye vitambi na mvi wanaojifunza kutandika shuka. Watu walishazoea. Delfina hakuzoea. Kila Jumamosi aliwatazama akacheka moyoni.

Huyu mmoja hakumchekesha hata moyoni.

"Fina," alinong'ona yule daktari, akisogea karibu na meza ya wauguzi.

"Nani?"

"Madamu. Nimebakiza fomu moja tu. Ya mama wa tano niliyemzalisha. Nilikuwa naomba, kama itawezekana, uitie saini ili niwahi mtihani wa bodi wa leseni. Mkufunzi wa wiki iliyopita aliwasainia wenzangu watatu hata bila kuingia chumba cha uzazi."

"Ndiyo maana wiki hii humwoni."

"Lakini mimi nimezalisha wanawake zaidi ya elfu moja. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua vizuri sana," Delfina alisema, akifungua faili lingine. "Ulikuwa unafika mkunga ameshamaliza. Unanawa mikono, unaandika jina lako, unaulizia kahawa iko wapi. Hao elfu moja ni wa wakunga, Bwana Villaruz. Wa kwako sijawaona hata wanne, ila nimeambiwa wapo."

Honorato aliinamisha kichwa. Shingo ilikuwa ileile, na kile kidoa cheusi chini ya sikio. Delfina alijikuta anakitazama, akajikasirikia, akafunga faili kwa kishindo.

"Kitanda cha tatu anaomba chombo cha haja."

"Mimi?"

"Kuna mwanafunzi mwingine hapa?"

Alikwenda. Delfina alibaki mlangoni, mikono imefungwa kifuani, anaangalia. Mama wa kitanda cha tatu, mwanamke mnene anayesubiri mtoto wa nne, alimkodolea macho yule mwanamume anayekuja na chombo amekishika mbali kama bomu.

"Mungu wangu, si wewe Dokta Villaruz? Si wewe ndiye uliyemtibu mume wangu nyongo?"

"Ndimi, mama."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Nasoma."

"Unasoma nini tena na wewe ni daktari?"

"Uuguzi."

Yule mama alicheka mpaka tumbo likamuuma, akaanza kulia uchungu na kucheka kwa pamoja. "Basi inua mgongo wangu, msomi. Siyo hivyo! Ulivyonishika ndivyo wanavyopakia magunia. Weka mkono hapa chini. Hapo. Enhe, umefaulu."

Delfina aligeuka haraka ili asionekane. Lakini aliyaona yote. Aliona jinsi Honorato alivyosubiri nje ya pazia bila kukimbia, alivyorudi, alivyomfuta yule mama na kumfunika kwa shuka, taratibu, bila kukunja uso. Aliiona pia mikono ya Honorato. Hakuomba kuiona. Ilikuwa mbele yake.

Honorato alirudi, amenawa, mikono bado inadondosha maji.

"Kuna jambo lingine," alisema. "Kesho baada ya misa, Mama anakuja kwenu. Kuposa."

Kalamu ya Delfina ilisimama.

"Anakuja na nini?"

Honorato alijua anaulizwa nini.

"Na sufuria," alisema.

*

Miaka tisa kabla ya hapo, Delfina alikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha ukunga. Miaka miwili ya chuo, na miwili mingine katika kituo cha afya juu ya milima, ambako Honorato alipangiwa kama daktari kijana. Walipendana huko, kati ya mtoto mmoja na mwingine. Honorato alikuwa akimwambia, "Fina, mikono yako inajua kuliko vitabu vyangu," na Delfina alikuwa mjinga, akaamini.

Ikafika siku ya posa. Kwa desturi ya kwao, upande wa mwanamume ndio unaokwenda kwa kina mwanamke, tena na chakula. Bi Visitacion Villaruz, mama yake Honorato, alishuka mbele ya nyumba ya Mzee Crispulo, mtengeneza chumvi wa pwani ya Guimbal, na sufuria kubwa ya mchuzi wa mbuzi. Mzee Crispulo alikuwa ameazima sahani saba kwa majirani na kuzipanga mwenyewe. Mchuzi ulikuwa unafuka, nyumba nzima inanukia tangawizi na majani ya mlonge.

Bi Visitacion alikaa, akatazama sakafu ya mianzi, akauliza.

"Binti, umesoma nini?"

"Ukunga, Mama."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

"Halafu?"

"Halafu nikaajiriwa."

Bi Visitacion aligeuka kwa mwanawe, ambaye nyumbani aliitwa Nonoy. "Uliniambia anafanya kazi na wewe. Nikajua muuguzi. Kumbe mkunga wa miaka miwili? Nonoy, mpishi wangu amekaa darasani kuliko huyu." Akanyanyuka, akakirudisha kifuniko juu ya sufuria. "Chakula hiki kilikuja kwa ajili ya uchumba. Uchumba haupo. Beba sufuria."

Na Nonoy akabeba.

Hicho ndicho kilichobaki moyoni. Ya mama mtu Delfina aliyamaliza baada ya mwaka mmoja, maana mwanamke yule alikuwa na mdomo mchafu na hakuna aliyemtarajia awe na mwingine. Lakini yule daktari wa miaka ishirini na saba aliinama, akashika masikio mawili ya sufuria, akapita nayo mbele ya Delfina, mvuke ukampiga puani, wala hakugeuka nyuma. Mzee Crispulo alikusanya sahani saba safi, akazirudisha kwa wenyewe. Siku hiyo walikula wali na samaki mkavu, na harufu ya mbuzi wa watu ilikaa nyumbani siku tatu.

Delfina alirudi shule. Kulikuwa na chuo chenye masomo ya ngazi: mkunga anapanda anakuwa muuguzi, akitaka anapanda tena. Akapanda. Miaka mitatu, huku akizalisha watu siku za mapumziko. Akafanya mtihani wa bodi, akapata leseni, akawa muuguzi aliyesajiliwa, na majirani wakatundika barabarani turubai lenye uso wake mkubwa na neno HONGERA. Akaongeza shahada ya kumruhusu kufundisha. Na mwezi uliopita hospitali moja ya Texas ilikuwa imemtumia mkataba.

Mji mzima ulijua habari za mkataba. Delfina hakushangaa kwamba sufuria ilikuwa imeanza safari ya kurudi.

*

Jumapili Mzee Crispulo alipanga sahani saba. Safari hii zilikuwa zake mwenyewe.

"Baba, unapanga za nini?"

"Mgeni ni mgeni."

"Yule siyo mgeni. Yule ni mvua, hata ikikawia inarudi."

"Basi nyamaza, tuone itanyesha wapi." Mzee alimtazama binti yake kwa upande. "Na yule kijana je?"

"Kijana gani? Ana miaka thelathini na sita na mama yake bado anamchagulia soksi."

"Nimekuuliza kama unampenda, sikukuuliza habari za soksi."

Delfina alikwenda kuosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Walifika saa sita na nusu. Bi Visitacion alikuwa amezeeka, lakini mgongo ulikuwa bado umenyooka kama ufagio. Honorato alikuwa nyuma na sufuria. Ilikuwa ileile; Delfina alikitambua hata kile kibonyeo kidogo kwenye ubavu wake. Aliiweka mezani, kisha akainua macho. Walitazamana. Hakuna aliyekwepa kwanza, na moyo wa Delfina ulifanya kitu ambacho hakuuruhusu.

"Binti yangu mzuri!" Bi Visitacion alimshika mashavu. "Umependeza! Umenenepa mahali panapotakiwa."

"Karibu, Mama. Wewe umepungua mahali hapo hapo."

Mzee Crispulo alikohoa ndani ya ngumi.

Walikaa. Bi Visitacion alichungulia nje dirishani, ambako vitanda vya mianzi vya kukaushia chumvi vilikuwa vimepangwa juani, na lundo la chumvi iliyokauka limefunikwa turubai. Kutoka kwenye turubai uso wa Delfina uliwatabasamia, mkubwa, umepauka kwa jua, HONGERA ikiwa imekunjwa katikati.

"Mmefunika chumvi kwa picha ya binti yako, Mzee?"

"Haipitishi maji," alisema Mzee Crispulo.

"Muuguzi! Mimi siku zote nilisema msichana huyu atafika mbali."

"Ulisema wapi, Mama?" aliuliza Delfina. "Maana hapa ulisema nimezidiwa na mpishi."

"Ya zamani hayo! Na kwanza yalikusaidia. Nisingesema, ungesoma?" Bi Visitacion alijipepea. "Ila niambie kitu, maana watu wataniuliza. Shahada yako ni ile kamili ya miaka minne, au hii ya kuunga-unga?"

"Ya kuunga-unga, Mama. Miwili ya ukunga, mitatu ya uuguzi juu yake, na mingine kadhaa ya wodini. Ukiiunganisha yote inazidi ile minne. Na ya Nonoy?"

"Ya Nonoy ni maalumu," alisema Bi Visitacion.

"Ya Jumamosi," alisema Delfina.

Honorato alicheka. Ilimtoka tu. Mama yake alimgeukia kwa jicho, lakini yeye aliendelea kumtazama Delfina, na katika kucheka kule kulikuwa na yule kijana wa milimani. Delfina alitazama sahani.

"Tuje kwenye maana," alisema Bi Visitacion. "Mzee, mimi nataka harusi mwezi ujao. Padri nimeshamwona. Tena nimemuuliza mtu wa safari: mke akipata visa ya kazi, mume anaingia naye kwenye karatasi hizohizo. Hata mtihani Nonoy hatahitaji kuufanya. Ataufanyia kulekule akitulia."

"Mama," alisema Honorato. Rangi ilikuwa imemtoka. "Hilo hatukuliongea."

"Wewe huongei kitu, ndiyo maana naongea mimi."

"Kwa hiyo umekuja kuposa mkataba," alisema Delfina.

"Ningekuja kuposa nini kingine, binti? Mapenzi mlishakuwa nayo, na yaliwafikisha wapi?"

Mzee Crispulo aliweka kijiko chini. Delfina alimwekea mkono begani ili asisimame.

"Mama, mkataba huo sijausaini."

"Utasaini kesho."

"Sijui kama nitausaini. Uko kwenye droo. Kuna siku nautaka na kuna siku naangalia wodi yangu na wale wasichana ninaowafundisha, nasema siendi popote. Sasa nakuuliza mbele ya baba yangu. Nikibaki hapa Iloilo, muuguzi wa mshahara wa hapa, posa iko palepale?"

Bi Visitacion alimtazama kama mtu aliyeuziwa saa isiyotembea. Aligeuka kwa mwanawe, akarudi kwa Delfina. Sukari yote ikamtoka usoni.

"Unabaki? Unaitiwa Amerika, unabaki kufuta watu hapa?"

"Nauliza tu, Mama."

"Basi sisi tumekuja kufanya nini?" Alinyanyuka, akachukua mkoba. "Nilijua. Mtu unaweza kumbandika shahada tatu, mkunga atabaki mkunga. Hana macho ya kuona mbali." Akakirudisha kifuniko juu ya sufuria, kwa mkono uleule, kwa mlio uleule. "Nonoy, beba sufuria."

Delfina hakumtazama mama. Alimtazama Honorato tu. Miaka tisa alikuwa amejiambia kwamba siku hii ikija atakuwa anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti, vidole vimekuwa vyeupe, anaangalia mikono miwili ya mwanamume ilivyolala juu ya meza.

Haikusogea.

"Nonoy."

"Mama, nenda. Dereva yuko nje."

"Nimesema beba sufuria!"

"Nimesikia. Jana nilibeba chombo cha haja cha mgonjwa, nikakimwaga na kukiosha." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Nikawa nafikiri, nimewahi kubeba kitu kichafu kuliko hiki? Nikakumbuka kwamba ndiyo. Mara moja. Katika nyumba hii."

Bi Visitacion akaishika sufuria mwenyewe, masikio yote mawili, akavuta. Ikanyanyuka kidogo, ikarudi mezani kwa kishindo. Alivuta tena. Mzee Crispulo alisogeza glasi yake isimwagike.

"Iache tu, Mama," alisema Delfina. "Safari ile uliondoka nayo. Safari hii sufuria inabaki, ondoka wewe."

Walisikia mlango wa gari, kisha gari lenyewe, kisha kuku wa jirani. Honorato alikuwa bado amekaa palepale, jasho linamtiririka kwenye kile kidoa chini ya sikio.

"Fina," alisema.

"Usianze. Usidhani kukaa kwenye kiti ni ushujaa. Hata mgonjwa anakaa."

"Najua."

"Miaka tisa, Honorato. Hata barua."

"Niliandika. Sikutuma. Sikuwa na cha kusema ambacho ile sufuria haikukisema." Alifuta uso kwa kiganja. "Ukienda Amerika, nenda peke yako ukitaka. Nitafanya mtihani wangu kwa miguu yangu. Ukibaki, nina zahanati, na mkunga sina. Sikuombi chochote leo."

"Na ile fomu?"

"Usiisaini mpaka mimi mwenyewe nimzalishe mama wa tano, na wewe umesimama pale."

Delfina alimtazama muda mrefu. Alitaka kupata kitu cha kudharau. Alivitafuta viatu vipya, vilikuwa viatu tu. Alitafuta mtoto wa mama, hakumwona mahali. Ilimuudhi sana.

Alifunua sufuria. Harufu ya tangawizi na mlonge ikapanda, ikajaa nyumba, na Mzee Crispulo akafumba macho. Miaka tisa walikuwa wameuwaza mchuzi huo. Kila walipokula samaki mkavu, mmoja wao alimtazama mwenzake na wote wakajua. Katika mawazo yao ulikuwa umeshakuwa mchuzi ambao mtu hajawahi kuupika duniani. Delfina alichota kijiko, akapuliza, akaonja.

Wanaume wawili walisubiri.

Akaonja tena ili awe na hakika.

"Vipi?" aliuliza Honorato.

"Hauna chumvi."

Mzee Crispulo alianza kucheka polepole, kutoka tumboni, mpaka akajishika kwenye meza. Akatoka nje anacheka, wakamwona dirishani anainua pembe ya turubai, shavu la binti yake likakunjika, akachota kwa mkono na kurudi na ngumi imejaa.

Delfina alipakua sahani ya baba yake, kisha ya kwake. Kijiko kikabaki hewani. Akavuta sahani ya tatu, akaijaza, akaisukuma upande wa pili wa meza bila kuinua macho.

"Kula uoshe vyombo," alisema. "Na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uwe wodini. Kibao kikipinda tena, nakurudisha nyumbani."